Weka na ya kutolea

Ujumbe uliingia saa tano usiku: "Kaka, umetuma sabini na moja?"

Sikuwa nimetuma sabini na moja. Nilikuwa nimetuma dola 100, na kabla hazijaondoka benki ilinikata 30 za kutuma, nikalipa bila kinyongo kwa kuwa nilidhani hiyo ndiyo nauli ya safari nzima. Mdogo wangu alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nchi ya mbali, na pesa ile ilikuwa ya kujiandikisha mtihani. Ada ya mtihani ilikuwa 95, tano nilimwongezea za matumizi madogo. Sasa matumizi madogo hakuna, na mtihani wenyewe umepungukiwa 24.

Jambo la kwanza nililofanya, nakiri, lilikuwa kumshuku. Nikamwuliza kama hakutoa kidogo akasahau. Akanitumia picha ya taarifa ya akaunti yake bila kuandika neno, na kimya kile ndicho kilichonifikisha benki kesho yake asubuhi, hata kabla milango haijafunguliwa.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja wa malipo ya nje, miwani imemshukia puani. Hakukasirika, wala hakunipa fomu ya malalamiko. Alichukua risiti iliyoharibika, akaigeuza nyuma, akachora duara moja kushoto na moja kulia. "Hapa ni sisi. Hapa ni benki ya mdogo wako. Sasa, sisi na wao hatujuani." Akachora duara mbili katikati. "Hawa wanatujua sote. Huyu ana akaunti yetu, huyu ana akaunti yao. Pesa yako imepita humu. Kila mlango una bawabu, mwanangu, na kila bawabu anakula."

Nikamwambia mimi nilijua pesa inakwenda kwa SWIFT. Akacheka kidogo. SWIFT ni barua tu, akasema. Na kweli, nilipokwenda kusoma nilikuta ndivyo: ni ushirika wa mabenki ulioundwa Ubelgiji mwaka 1973 ili wapelekeane maagizo ya malipo kwa utaratibu mmoja, badala ya teleksi. Ujumbe unakimbia, lakini pesa yenyewe inahama kwa kupunguza akaunti hii na kuongeza ile, benki baada ya benki. Ndiyo maana ujumbe unaweza kufika leo na pesa ikachukua siku tatu, na ndiyo maana hakuna mtu mmoja wa kumlaumu njia ikiwa ndefu.

Halafu akanirudisha kwenye fomu yangu mwenyewe. Chini kabisa, mahali ambapo mkono umeshachoka kuandika, kuna visanduku vitatu: OUR, SHA, BEN. Ukiweka alama OUR, makato yote ya njiani ni yako wewe mtumaji. BEN, yote yanatoka kwenye pesa ya mpokeaji. SHA, wewe unailipa benki yako na wale wengine wanajikatia humo humo ndani ya fungu linalosafiri. Fomu yangu ilikuwa SHA. Sikumbuki kuiweka alama. Nadhani ilikuwa imeshawekwa. "Ungechagua OUR," mzee akasema, "zingefika mia. Ila hapa dirishani ungelipa zaidi ya hizo 30." Kisha akanong'ona, kama anayemsengenya mwajiri wake, kwamba mtu anayetuma 10,000 analipa karibu sawa na mimi. Makato yale hayaangalii ukubwa wa mzigo. Nilikuwa nimekodi lori kuhamisha kiti kimoja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hesabu hii naijua tangu utotoni. Sisi tunaotumiana pesa kwa simu hatuna haja ya kufundishwa. Mtu akikuomba, anakwambia tuma kiasi fulani, "weka na ya kutolea." Neno dogo, lakini lina hisabati nzima ndani yake: kinachohesabiwa ni kile kitakachoshikwa mkononi, na anayetuma ndiye anayerudi nyuma kupiga hesabu ya njia. Hakuna anayesema "nimekutumia mia" wakati anajua utakamata tisini. Kwenye kutuma nje nililisahau kabisa. Labda ni ule ubaridi wa kiyoyozi na fomu za nakala tatu, vinamfanya mtu aache akili yake mlangoni.

Tangu siku ile swali langu kwa kila anayetaka kunisafirishia pesa zangu ni moja: mkononi zitafika ngapi? Siulizi makato ni kiasi gani. Makato nitaambiwa lolote. Namba ya mwisho, kwa fedha ya kule, ndani ya mkono wa mpokeaji. Mahali pengine swali hili limekuwa sheria: Marekani, tangu mwaka 2013, wanaotuma pesa nje kwa niaba ya watu binafsi wanatakiwa kumwonyesha mteja kabla hajalipa makato, kiwango cha kubadilishia na kiasi kitakachopokelewa, na mteja ana dakika 30 za kughairi baada ya kulipa, mradi pesa haijachukuliwa. Nchi nyingi hazina kinga ya namna hiyo. Lakini kuuliza hakukatazwi popote, na asiyeweza kukujibu namba hiyo amekwisha kukujibu.

Ilinichukua muda kulielewa swali langu mwenyewe, maana kosa la pili nililifanya nikiwa nimejiona mjanja. Nilihama benki nikaenda kampuni moja iliyoandika kwa herufi kubwa kwamba kutuma ni bure. Nikatuma nayo miezi minne, na furaha ya mtu aliyewazidi akili wenye majengo ya vioo. Mwezi wa nne mdogo wangu akanitajia kwa bahati tu kwamba mwenzake wa chumbani ametumiwa mia kama yeye, wiki ile ile, akapata zaidi. Na kaka wa yule mwenzake analipa makato.

Tuliweka risiti mbili sambamba kwenye simu. Sikumbuki namba halisi za siku ile, lakini umbo lake lilikuwa hivi. Tuseme sokoni dola moja ni euro 0.90. Kampuni yangu ya bure ilibadilisha kwa 0.86, kwa hiyo mia yangu ikawa euro 86. Kampuni ya yule kaka ilikata dola 2.50 waziwazi, ikabaki 97.50, ikabadilisha kwa 0.90 kamili, zikafika euro 87.75. Ile 0.04 iliyokosekana kwangu ndiyo nauli, imevuliwa sare na kukaa na abiria. Na tofauti na yale makato ya benki, hii inakua na mzigo: ukituma mara kumi zaidi, inakula mara kumi zaidi, na bado bango linasema bure.

Kiwango cha kweli cha siku unakipata kwenye intaneti kwa sekunde kumi. Ni kile kilicho katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza sokoni. Si lazima upewe hicho. Ila ukishakijua, unaweza kukipima unachopewa. Benki ya Dunia inapopima gharama za kutuma pesa duniani huchukua mfano wa dola 200 na kujumlisha vyote viwili, makato na tofauti ya kiwango, na wastani umekuwa ukicheza juu kidogo ya asilimia 6. Mabenki ndiyo ghali kuliko njia nyingine zote. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la kushusha wastani huo chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Mimi mara ya kwanza nilitoa 130 zikafika 71. Sikuhitaji kikokotoo.

Nikanunua daftari. Lina safu nne tu: zilizotoka mfukoni, zilizofika mkononi, siku ngapi, na maoni. Safu ya maoni ndiyo yenye uhondo. Kuna mstari umeandikwa "usirudie Jumamosi", kwa sababu masoko ya fedha hufunga mwisho wa wiki na baadhi ya kampuni huongeza kidogo kwenye kiwango ili zisiumie bei ikifunguka tofauti Jumatatu. Kuna mwingine unasema "tamu ya kwanza": kiwango kizuri kupindukia kwa mteja mpya, halafu muamala wa pili ukarudi kwenye ukweli. Siku hizi tamu ya kwanza naila na naaga. Na kuna mstari wenye wino mwekundu: "KADI YA MKOPO." Nililipia muamala kwa kadi ya mkopo kwa kuwa ilikuwa karibu kuliko akaunti. Kampuni ya kutuma ikaongeza makato yake kwa sababu ya kadi, na benki iliyotoa kadi ikahesabu kwamba nimechukua pesa taslimu, ambayo riba yake huanza kukimbia siku hiyo hiyo bila kungoja mwisho wa mwezi. Kutoka akaunti moja kwa moja kunachelewa siku moja au mbili. Hizo siku ndizo ninazolipwa.

Rafiki mmoja kazini aliliona daftari akaniuliza mbona nateseka. Yeye ana jamaa katika nchi aliyoko mdogo wangu, na jamaa huyo kila baada ya muda anataka kutuma huku. Basi jamaa akampa mdogo wangu fedha ya kule, mimi nikampa rafiki yangu fedha ya huku, kwa kiwango cha kati cha siku ile. Hakuna senti iliyovuka mpaka na hakuna aliyekatwa.

Njia hiyo ni ya kale kuliko benki. Lugha yetu yenyewe inaikumbuka: hawala tumelichukua kwa Waarabu, hundi tumelichukua Uhindini, na yote mawili, kabla hayajawa majina ya karatasi za benki na posta, yalikuwa majina ya mpango huo huo wa mfanyabiashara kulipa mji huu na mwenzake kutoa mji ule. Na hata Wise, kampuni ya kutuma pesa kwa mtandao, ilianza hivyo. Waestonia wawili walikuwa London. Mmoja analipwa kwa euro na anahitaji pauni za kuishi, mwingine analipwa kwa pauni na ana mkopo wa nyumba kwao wa kulipa kwa euro. Wakaanza kuwekeana, pauni huku na euro kule, na mwaka 2011 wakaufungulia umma mlango kwa jina la TransferWise. Kampuni za aina hii zikishakuwa na akaunti pande zote mbili, muamala wako mdogo haulazimiki kupita kwa mabawabu wa yule mzee: unaweka kwenye akaunti yao ya huku, wanatoa kwenye akaunti yao ya kule.

Sisi watatu tulifanya hivyo mara mbili kwa amani. Mara ya tatu nilishatoa huku, na yule jamaa kule akachelewa wiki tatu kwa sababu ambazo zilibadilika kila nilipopiga simu. Pesa ilikuja. Lakini mimi na rafiki yangu tulikula kila mtu meza yake kwa muda. Na kuna jingine: katika nchi nyingi, kulifanya jambo hili kuwa kazi bila leseni ni kosa la jinai, na ukiulizwa pesa imetoka wapi huna hata kipande cha karatasi. Siijutii, ila sijairudia.

Mdogo wangu, ambaye wakati huo alishaanza kunizidi maarifa, alipendekeza sarafu za kidijitali. Tukajaribu USDT, ambayo thamani yake imefungwa na dola. Hapo nilijifunza kwamba sarafu moja hupita kwenye mitandao tofauti, na kila mtandao una ada yake na anwani zake: za Tron zinaanza na herufi T, za Ethereum zinaanza na 0x. Nilichagua Ethereum kwa kuwa jina nililisikia zamani, ada yake siku ile ikala sehemu nono ya fungu letu dogo. Mara ya pili tukatumia njia rahisi zaidi, na safari ya katikati ikawa ya dakika chache na senti chache kweli. Lakini safari si katikati tu. Lazima ununue USDT huku na kuiuza kule, na mnunuzi wa kule naye hana undugu na wewe. Nilipojaza safu mbili za kwanza za daftari, tofauti na njia za kawaida ilikuwa ndogo kuliko woga niliokuwa nao wakati nabandika ile anwani ndefu, nikijua kwamba ikienda kwenye anwani isiyo yake hakuna dirisha la kwenda kulia. Na kuna nchi zinazoipiga marufuku biashara hii, kwa hiyo ulizia kwanza.

Ukitumia akaunti za kawaida zenye namba ya IBAN, yaani namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, angalau kuna ulinzi. Herufi mbili za mwanzo ni nchi, na tarakimu mbili zinazofuata ni za ukaguzi, zimetokana na namba yote iliyobaki. Ukikosea tarakimu moja, mfumo unakataa hapo hapo. Namba za akaunti za nchi nyingi zisizotumia IBAN hazina mwangalizi huyo kwa yule aliye nje, basi ninazisoma kwa sauti, mpokeaji akiwa kwenye simu, tatu tatu.

Jina nalo. Kuna muamala wa kuchukua taslimu uliogoma siku tisa kwa sababu niliandika jina tunalomwita nyumbani, nikaacha la katikati lililo kwenye pasipoti. Karani wa kule alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea. Kulisahihisha kulikatwa pesa pia, na daftari likaandika.

Lakini somo lililonichekesha kuliko yote lilikuja miaka miwili baadaye, nilipokuwa natafuta kitu kingine nikaingia kwenye tovuti ya wale wa mtihani. Ada inalipwa kwa kadi. Mtu yeyote, kutoka popote, akiwa na namba ya mtahiniwa. Ningelipia nikiwa nimekaa kitandani, na duara nne za mzee yule zisingechorwa kamwe. Nilikuwa nimehangaika kupeleka pesa kwa mtu ili aipeleke mahali ambapo ningeweza kuipeleka mwenyewe. Sasa kabla ya kutuma nauliza ni ya nini. Kama ni ada, kitabu, tiketi au vocha ya simu, mara nyingi kuna mlango wa kulipa moja kwa moja. Tahadhari moja tu kwenye huo mlango: tovuti ikikuuliza kama unataka kulipa kwa fedha ya kwenu badala ya ya kwao, kataa. Wanakuonyesha namba uliyoizoea ili ujisikie nyumbani, na kiwango chake mara nyingi ni kibaya kuliko ambacho benki ya kadi yako ingekupa.

Kwa zile zinazobaki, za matumizi tu, tuliacha kutumiana kila mwezi. Kampuni tuliyobaki nayo ina makato yasiyobadilika pamoja na asilimia ndogo, kwa hiyo 50 tatu zinaliwa zaidi kuliko 150 moja. Tukahamia kila miezi mitatu. Haikuwa rahisi, miezi mitatu ya kwanza mdogo wangu alimaliza zote kwa wiki sita, tukagombana kidogo. Na njia yenye makato ya asilimia tupu haipati faida yoyote kwa kurundika, usijitese.

Duniani kuna mahali ambapo haya yote yanaanza kuwa hadithi za wazee. Ndani ya eneo la euro, benki hairuhusiwi kukutoza malipo ya euro kwenda nchi jirani zaidi ya yanayobaki ndani. Singapore na Thailand waliunganisha mifumo yao ya malipo ya papo kwa papo mwaka 2021, Singapore na India mwaka 2023, mtu anatuma kwa namba ya simu tu. Nikisoma habari hizo namkumbuka yule mzee na duara zake mbili za kushoto na kulia. Hazijuani bado, kwa wengi wetu.

Mdogo wangu alimaliza masomo, akapata kazi huko huko. Mwaka jana simu yangu iliharibika nikamweleza, bila kumwomba. Akaniandikia: "Kaka, fundi anataka ngapi? Nataka ifike hiyo hiyo, nitaweka na ya kutolea." Nikamtajia. Pesa ikaingia siku ya pili, asubuhi. Ilipungua dola moja na nusu. Nikampigia.